Joto Lipo Chini, Vifaranga Wanakufa kwa Baridi

Yai la kuku linataka nyuzi 37 na nusu kwa siku 21. Huu ni mwaka wangu wa sita wa kutotolesha vifaranga hapa Tengeru, Arusha, na kila asubuhi, kabla sijanawa uso, naenda kwanza kuangalia namba kwenye kioo kidogo cha mashine. Nikikuta 37.5 namshukuru Mungu, nabandika chai. Nikikuta 36, chai haibandikwi.

Mashine yangu kubwa inabeba mayai 528: trei sita, kila trei mayai 88. Mengine ni ya kuku wangu, mengi ni ya watu wanaoniletea niwatotoleshee. Anakuja mama wa Maji ya Chai na mayai ya kienyeji kwenye ndoo yenye pumba, anakuja kijana wa Usa River na mayai ya kuroiler, kuku wale chotara. Kila trei naibandikia karatasi yenye jina na tarehe. Kwa hiyo umeme ukikatika, ninayepata hasara siko peke yangu.

Mwezi wa saba mwaka juzi, usiku wa baridi ile ya Meru inayopenya mpaka kwenye mifupa, upepo uliangusha tawi la mgrivelea juu ya nyaya mtaani kwetu. Ilikuwa saa nne usiku. Mayai yalikuwa na siku 15. Jenereta liliunguruma kama saa moja hivi, likakohoa, likazima, na sikuweza kuliwasha tena. Nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa nje (ndani huwezi kuliingiza, moshi wake unaua mayai na unakuua na wewe), nikajaza chupa za lita moja na nusu, nikazifunga kwa vitenge na kuzipanga chini ya trei. Kila nusu saa nazibadilisha. Saa nane usiku kipimajoto kilisoma 31. Saa kumi na moja alfajiri kilisoma 27. Umeme ulirudi saa tatu asubuhi.

Siku ya 18 nilipima mayai kwa tochi kama kawaida. Yai lenye uhai ukilimulika gizani unaona kivuli kinashtuka, mishipa myekundu imetambaa pembeni. Lililokufa limetulia, weusi tu uliolala upande mmoja. Nilipima trei ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukaanza kutetemeka. Kati ya mayai 528 walitoka vifaranga 97.

Trei moja nzima ilikuwa ya babu mmoja wa Kikatiti. Alikuja siku ya kuchukua, amevaa koti lake la Jumapili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti yangu. Wangu wametoka wangapi?"

"Tisa, babu."

Alinyamaza. Akatazama ndani, akatazama trei, akasema, "Hao tisa wawekee boksi lenye majani, njiani kuna upepo."

Hakunidai kitu. Alipoondoka nilikaa mbele ya mashine muda mrefu, na wazo moja likanijia ambalo halijaniachia mpaka leo: vifaranga wamekufa kwa baridi katika mkoa ambao chini yake kuna moto.

Mtu wa Arusha hahitaji kufundishwa kwamba anaishi juu ya volkano. Mlima Meru, tunaoutazama kila tukifungua dirisha, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Kilimanjaro, kule juu Kibo, bado inatoa mvuke wenye harufu ya kiberiti ndani ya kreta. Na Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, hautulii kabisa. Julai 2007 nilikuwa kidato cha pili. Siku kadhaa ardhi ilikuwa ikitikisika kutokea upande wa Gelai, na tarehe 17 ikaja kubwa, tukatoka bwenini mbio na blanketi mabegani. Miezi miwili haijatimia Lengai ikaanza kurusha majivu. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea ubaoni jinsi bara la Afrika linavyopasuka taratibu kwenye Bonde la Ufa, ganda la dunia linakuwa jembamba, na joto la ndani linasogea karibu na sisi. Sehemu nyingi za dunia ukichimba kilomita moja joto hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30. Kwenye bonde lenye volkano changa hupanda haraka zaidi ya hapo, na hapo ndipo hesabu ya umeme inapoanzia.

Hata meno yetu yanasema. Sisi tuliokulia Arumeru tukicheka unaona rangi ya kahawia, na wageni hudhani hatupigi mswaki. Ni floridi. Miamba ya volkano inaiachia kwenye maji ya chini, tunainywa tangu utotoni, inatia alama jino kabla halijaota. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachotafiti jinsi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nalitaja hili kwa sababu volkano imekuwa ikitutoza muda mrefu. Imetutoza meno, na kuna watoto imewapinda mifupa ya miguu. Sioni kwa nini tusiidai kitu na sisi.

Umeme unaotokana na joto hilo tunauita wa jotoardhi, na namna unavyopatikana si ngumu kuieleza. Mtambo unachoronga kisima kwenda chini, mara nyingi kilomita mbili hadi tatu, mpaka kwenye miamba yenye nyufa zilizojaa maji ya moto kupita kiasi. Maji hayo yamebanwa na uzito wa ardhi ndiyo maana hayajageuka mvuke. Yakipata njia ya kupanda, mgandamizo unapungua, yanachemka ghafla, mvuke unatenganishwa na kwenda kuzungusha tabo, yaani gurudumu lenye mapanga, nayo inazungusha jenereta. Maji yaliyobaki hurudishwa chini kwa kisima kingine ili hifadhi isikauke. Pale ambapo maji si ya moto sana, joto lake hutumika kuchemsha kimiminika kingine kinachochemka upesi, kama pentani, na mvuke wa hicho ndio unaosukuma tabo. Jua likizama mtambo hausimami. Kiangazi kikija hausimami. Mwenye mashine ya mayai anaelewa thamani ya sentensi hizo mbili kuliko mtu mwingine yeyote.

Wa kwanza kuwasha taa kwa njia hii ni Waitaliano, kule Larderello, mwaka 1904: balbu tano. Lakini mfano ninaoupenda uko hapo jirani. Naivasha nchini Kenya, ukiingia hifadhi ya Hell's Gate, mabomba ya fedha yamepita katikati ya pundamilia kwenda mitambo ya Olkaria. Watu wengi wanajua kwamba Kenya leo inapata takriban asilimia 40 ya umeme wake kutoka ardhini, kwa mitambo ya zaidi ya megawati 900. Wachache wanajua ilivyoanza. Visima viwili vya kwanza Olkaria vilichorongwa miaka ya 1950, na havikutoa mvuke wa kutosha. Fedha zimekwenda, watu wamerudi nyumbani. Wakarudi tena miaka ya 1970, wakachoronga pengine, safari hii mvuke ukaja. Mtambo wa kwanza, megawati 15 tu, uliwashwa mwaka 1981. Tangu kisima cha kwanza mpaka taa ya kwanza ni robo karne.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa jotoardhi ulipo. Kisima kimoja kirefu kinagharimu mamilioni ya dola, na unalipa kabla hujajua kama kuna kitu. Jua unaliona, maji ya mto unayaona, lakini mvuke hauonekani mpaka umefika. Benki haikopeshi kitu kisichoonekana. Ndiyo maana Umoja wa Afrika na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, walianzisha mfuko wa kubeba sehemu ya gharama za utafiti na uchorongaji kwa nchi za Afrika Mashariki. Bila mtu wa kukubali kwamba kisima cha kwanza kinaweza kuwa kikavu, hakuna kisima cha pili.

Kwetu Serikali iliunda Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, mwaka 2013. Makadirio yanayotajwa ni kwamba nchi inaweza kupata megawati 5,000 kutoka ardhini. Ukilinganisha, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine zake zote tisa, ni megawati 2,115. Nguvu kubwa imewekwa kusini: Ngozi na Songwe upande wa Mbeya, Kiejo-Mbaka wilayani Rungwe, na Luhoi huko Pwani. Kaskazini kwenye orodha hiyo kuna jina moja, Natron, kwenye ziwa lililo karibu na Lengai. Siwalaumu kwa kuanzia Mbeya, kwa kuwa dalili za kule zimesomwa vizuri na mtu huanzia penye uhakika. Ila huku kaskazini tuko mkiani mwa waya. Umeme wa Rufiji unasafiri mamia ya kilomita kutufikia, na kila kilomita inakula kidogo. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Kilimanjaro, alieleza kwamba kwa sababu hiyo kanda hii itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Waliomshangaa walikuwa wengi. Mimi nilimwelewa. Laini ya kilovolti 400 inatoka Isinya, Kenya, inapita Namanga, inakuja Arusha na kuendelea Singida, na umeme wa karibu ni bora kwa mashine yangu kuliko wa mbali. Wazo langu lilikuwa jingine: kama dawa ni umeme wa karibu, ulio karibu kabisa uko chini ya miguu yetu.

Kabla sijafika Natron niseme neno kuhusu Chemka, maana kila nikilianzisha jambo hili mtu ananiambia, "Si wachimbe Chemka?" Chemka iko wilayani Hai, ukitoka Boma Ng'ombe unashuka barabara ya vumbi, ghafla unakuta mikuyu na maji ya buluu unayoona mpaka mchanga wa chini. Jina linapotosha. Maji yanachemka kwa kububujika, hayachemki kwa moto. Ni uvuguvugu tu, ni maji ya mvua za Kilimanjaro yaliyopita ndani ya miamba na kutokea pale. Waacheni watoto wa Moshi waogelee.

Natron nilifika kwa sababu ya vifaranga. Kikundi cha akina mama wa Ngare Sero waliweka akiba kwenye kikoba chao, wakataka vifaranga 200 wa mwezi mmoja. Tuliondoka alfajiri kwa pikapu, Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, maboksi yakiwa na matundu pande zote. Huku Tengeru hofu yangu ni baridi. Baada ya Engaruka hofu ikageuka, kwa kuwa bonde lile ni jiko, na nikawa nasimamisha gari kila baada ya muda kuwanywesha maji. Upande wa kushoto ukuta wa ufa, mbele Lengai imesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa, kileleni nyeupe. Ule weupe si theluji. Lava ya Lengai ni ya aina yake duniani, imejaa magadi, inatoka nyeusi na ya majimaji ikiwa na nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na ikishika unyevu wa hewa inageuka nyeupe.

Tuliwakabidhi vifaranga, tukanywa chai ya maziwa, na jioni mama mmoja mtu mzima, yeyo kama wanavyowaita kule, akanipeleka kwenye chemchemi za pembeni ya ziwa. Nilikuwa na kipimajoto cha akiba mfukoni, kile kile cha mashine. Chemchemi ya kwanza ilisoma 35. Hatua chache mbele nyingine ikasoma 39. Nilichuchumaa pale nikiwa nimeshika waya, maji yanapita juu ya vidole vyangu, mawe ya ukingoni yamevaa ganda jeupe la magadi gumu kama chokaa. Katikati ya namba hizo mbili ndipo yai linapoishi.

Chemchemi ya nyuzi 39 peke yake haizungushi tabo, na sitaki mtu asome hapa akadhani nimegundua mtambo. Inapopanda maji ya moto huchanganyika na ya baridi, hivyo unachogusa juu hakikuambii yote. Wataalamu hupima madini yaliyoyeyuka ndani yake, kama silika, na uwiano wa sodiamu na potasiamu, kisha hukadiria joto lilikotoka. Baada ya hapo ni kupitisha mawimbi ya umeme ardhini kusoma miamba, na mwisho ni kuchoronga. Kazi ya miaka. Niko tayari kuisubiri, ila nataka ifanyike, na isiishie kwenye makabrasha.

Na nataka ifanyike kwa heshima. Yeyo alinionyesha kwa fimbo mstari wa waridi mbali ndani ya ziwa. Heroe, ndege wale wa flamingo. Ziwa Natron ndipo mahali pakuu pa kuzaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na ndiyo sababu tangu 2001 linalindwa chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Mpango wa kiwanda cha magadi wa miaka ya 2000 ulipingwa sana kwa ajili yao. Visima vya jotoardhi havichukui eneo kubwa, lakini vina kelele, barabara, malori, gesi yenye harufu ya yai bovu, na maji ya chumvi ambayo yakimwagwa ovyo yanaua. Mtambo usogezwe mbali na tambarare za viota, na maji yote yarudi chini, hata kama gharama inapanda.

Na watu. Mwaka 2014 familia za Kimasai zilihamishwa Olkaria kupisha mtambo wa nne. Walipewa nyumba mpya, lakini walilalamika mpaka Benki ya Dunia kuhusu ardhi, malisho na hati, na wakaguzi wa benki hiyo wakakuta kasoro za kweli. Huko Ngare Sero mlima ni mahali pa ibada. Akina mama huenda kuuomba mvua na watoto. Nilimuuliza yeyo angesemaje wakija watu wa mitambo. Alifikiri, akasema, "Waje mchana, wakae chini, waongee na sisi wanawake pia. Wasije na karatasi iliyokwisha andikwa."

Kisha akaniuliza yeye. Alikuwa ameniangalia muda wote nikichezea kipimajoto. Nilimweleza kazi yake, nikamweleza na habari ya ule usiku wa mwezi wa saba, chupa za maji ya moto na vitenge. Akatazama chemchemi.

"Sasa kwa nini huatamishi hapa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimesoma mambo ya megawati kwa miaka miwili na sikuwahi kujiuliza hilo. Joto halipendi safari ndefu, ukilisafirisha kwenye bomba mpaka Tengeru litakuwa limepotea. Umeme ndio unaosafiri. Lakini kinachohitaji joto kinaweza kulifuata. Kenya wanafanya hivyo. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilipasha mabanda yake kwa jotoardhi kwa miaka mingi. Menengai, kampuni ya serikali iliweka kiwanda kidogo cha kuchemshia maziwa na mabwawa ya samaki kuonyesha kwamba mvuke una kazi nyingine kabla ya tabo. Eburru wananchi wanapoza mvuke unaotoka ardhini na kuupata kama maji ya kunywa, na palikuwa na kikaushio cha pareto kinachotumia joto hilo hilo. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji nyuzi 300. Kukausha nyanya, kukausha mahindi yasiingie sumukuvu, kuchemsha maziwa, kuatamiza mayai: yote yanatosheka na joto ambalo mwenye tabo angeliacha lipite.

Ninaamini kaskazini tungeanzia hapo. Tungeanza kutumia joto lililokwisha jileta juu wakati wataalamu wanalitafuta lililojificha. Kijiji kilichoona faida ya maji ya moto kwa macho yake kitamsikiliza mchorongaji kwa sikio jingine.

Tuliporudi nilimtafuta fundi bomba wa hapa Tengeru, kijana makini, nikamchorea. Maji ya chemchemi yenyewe hayawezi kupita kwenye mashine, magadi yataziba bomba ndani ya miezi. Kwa hiyo yatapita nje ya tangi dogo la maji safi, yalipashe, na maji safi ndiyo yazunguke kwenye koili chini ya trei. Kwa nyuzi 39 nafasi ya kupoteza joto ni ndogo mno, kwa hiyo sanduku litavikwa sponji nene pande zote, na litakaa hatua tano tu kutoka majini. Fundi ana wasiwasi na usiku, upepo wa pale ni mkali. Mimi nina wasiwasi na unyevu, maana yai likikauka kifaranga anashindwa kutoboa. Pampu ndogo ya sola itasukuma maji. Kikundi kimekubali kutoa sehemu kivulini kwa mshita, na viongozi wa kijiji wameshaelezwa.

Tumekubaliana trei moja, mayai 88. Babu wa Kikatiti amesema yake yawe ya kwanza.